Mguu Wangu Juu ya Mito, Ng'ombe Wangu kwa Muthoni

Mnaoniona nimesimama mbele yenu kwa miguu yote miwili, mjue nilikaa kitini mpaka nikakichukia kiti.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kazi. Hapa Wamagana nilichuma majani chai, nikakata nepia, nyasi ya ng'ombe, nikamkamua ng'ombe wangu Kairu, ambaye hakukubali mkono wa mtu mwingine. Hilo nilijivunia sana.

Kisha mfupa ukatokeza kando ya kidole gumba cha mguu. Gamubuti zangu za mpira ziliusugua mpaka nikawa nalia nikivaa soksi. Daktari mjini Nyeri alinipasua, akaunyoosha kwa skrubu, akaniambia, "Mama, usikanyage mpaka nikwambie. Na huo mguu ukae juu."

Nyumbani mguu uliwekwa juu ya mito. Ulivimba, ukawasha ndani ya bandeji, nami nisiweze kujikuna. Kuoga, niliufunga kwa mfuko wa nailoni. Kwenda haja, ndoo nyuma ya pazia. Yote hayo niliyavumilia. Aliyenishinda ni Muthoni.

Muthoni ni dada ya mume wangu, alitoka Kerugoya kuja kunisaidia. Siku ya kwanza Kairu alimpiga teke, maziwa yakamwagika. Nilicheka peke yangu chini ya blanketi. Lakini baada ya siku chache ndoo ilikuwa inajaa. Mume wangu akanywa chai, akasema, "Muthoni ako na mkono! Hata mwenyewe hakamui hivi."

Niliona wivu mpaka nikaisukuma chai yangu kando. Ng'ombe amekwenda, jiko limekwenda, na mume naye yuko njiani.

Asubuhi moja nikachukua magongo, nikatoka kuchungulia Muthoni anatumia dawa gani. Gongo likateleza kwenye matope, nikakanyaga. Maumivu yalipanda mpaka kwenye nyonga, bandeji ikalowa damu. Mbele yangu Muthoni alikuwa amevaa kabuti langu la kukamulia na kitambaa changu kichwani.

"Ati unafanya nini hapa?" akapiga kelele. "Hii ng'ombe inataka harufu yako. Mimi hainijui!"

Nilishonwa tena, nikaanza kupona upya. Wivu haukuisha, sitawadanganya. Muthoni aliporudi kwake na mimi nikaruhusiwa kutembea, kwanza nililifua kabuti kwa sabuni ya unga, jasho lake lisibaki hata kidogo. Nikaenda kukamua kwa madaha. Kairu akaninusa, akabana maziwa, akarusha teke karibu na kile kidole.

Nikampigia Muthoni simu nikilia. Alicheka sana. "Mama Njoroge, si umefua harufu yangu pamoja na yako!"

Kairu amenizoea tena. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na Muthoni pia, ingawa kwa shida. Wewe uliyepasuliwa mguu, uinue, tulia, na anayekusaidia mwache asifiwe. Utaumia, lakini kidonda kitafunga.

Jumapili Muthoni anakuja kututembelea. Nitampikia chai nzito, na maziwa nitakamua mimi.