Movie tatu nilizoangalia na mama akisubiri operesheni ya jicho, na ile ya tatu iliyotaka kumrudisha Butiama

Wakuu, kwema?

Leo naleta maoni yangu kuhusu movie nilizoangalia hapa nyumbani likizo hii. Naishi Kitaji, Musoma, nafundisha sekondari. Yote nitakayosema yametokea kweli, mengi sebuleni kwangu. Anayetafuta chai, hadithi za kutunga, thermos iko jukwaa lingine.

Kwanza mjue msimamo wangu. Mimi sio mtu wa movie za DJ, zile zilizotafsiriwa, ambapo sauti ya jamaa mmoja inafunika waigizaji wote, bibi harusi, jambazi, hadi mbwa. Mimi ni original na subtitles. Wanaoangalia za DJ nimewacheka miaka mingi, hata staff room wananijua.

Likizo hii nikakosa ujanja.

Mama yangu alikuja kutoka Butiama. Ni mkulima, umri umesogea, macho yote mawili yana mtoto wa jicho, na la kulia ndilo bovu zaidi. Hospitali walimpangia operesheni ya hilo la kulia, akaambiwa asubiri wiki mbili. Nikaona heri akae kwangu kuliko kwenda na kurudi.

Daktari hakuzunguka. Alisema akichelewa sana, atafika mahali pa kwenda shambani kwa kushikwa mkono. Kwa mama yangu, mwanamke aliyetusomesha kwa jembe, hiyo ni sawa na kumwambia maisha yameisha.

Sasa Kiingereza hajui, na hata angejua, subtitles asingeziona. Akivuta stuli karibu kabisa na TV anaona watu wakienda na kurudi. Mengine anayapata kwa masikio.

Basi nikachukua flash, nikaenda kibanda cha movie, nikajaziwa za DJ. Jamaa wa kibandani alinitazama akatabasamu. Nilistahili.

Movie ya kwanza ilikuwa ya Kihindi, masaa matatu kamili. Ndugu wawili wanagombea shamba la baba yao, katikati wanaimba. DJ alisema treni inaelekea Kigoma. Mimi naipa 4/10. Mama alilia mara mbili na kumlaani mama mkwe mmoja wa humo kwa Kizanaki, maneno ambayo siwezi kuyaweka hapa.

Ya pili ya Kichina, watu wanapigana juu ya mapaa. 6/10 kwa sababu ya picha. Mama aliangalia nusu saa akauliza, "Hawa watu hawalimagi?" Akaenda kuchambua mchele.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi.

Inahusu mama mmoja mfumaji wa mikeka, anaishi milimani, macho yanafifia, anashuka mjini kufanyiwa operesheni. Niliichagua makusudi. Nilisema hii itamtia mama moyo. Kosa langu ni kwamba sikuiangalia kwanza, nilisoma maelezo mistari miwili tu, nikajiona mjanja.

Ikafika scene ya theatre, chumba cha operesheni. Mnajua kazi ya DJ, pakipoa anaongeza chumvi. Akasema, "Hapo wazee jicho limeshatolewa, lipo kwenye bakuli, anawekewa la mbuzi!"

Mimi nikacheka.

Mama hakucheka. Akasema nizime, anaenda kujinyoosha. Nikazima. Sikuwaza chochote.

Asubuhi nikamkuta amefunga nguo zake kwenye kitenge, kifurushi kipo mlangoni.

"Narudi nyumbani, baba. Kuku wananisumbua akili."

Zilikuwa zimebaki siku tatu. Nikamwambia kuku wanaangaliwa. Akasema macho haya ameshayazoea. Nikamkumbusha maneno ya daktari. Akanijibu daktari ana watu wengi, hatamkumbuka.

Nikampigia dada yangu, yeye ameolewa Guta, kule Bunda. Dada akaomba apewe mama. Waliongea Kizanaki muda mrefu, mama ameshika simu kwa mikono miwili. Mwishowe nikarudishiwa simu.

"Wewe mwalimu," dada akasema, "mama anaogopa kuwekwa jicho la mbuzi. Ulimuonyesha nini wewe?"

Nikaanza kucheka tena. Dada hakucheka.

Nikakaa na mama nikamweleza kwamba jicho halitolewi, yule DJ alikuwa anatania. Jibu lake sijalisahau.

"Yeye ndiye anajua lugha yao. Wewe ulikuwa unamsikilizaga kama mimi. Nitajuaje sasa hivi nani anatania?"

Tuwe wakweli, hapo alinishinda.

Nikaona dawa ni moja. Nikaitafuta ile original, nikaunganisha simu na TV, nikamwambia leo DJ ni mimi, akisikia nilichosema ndiyo nimpeleke stendi kama bado anataka. Akavuta stuli. Kifurushi kikabaki palepale mlangoni.

Scene ya theatre nikaitafsiri neno kwa neno. Daktari anamwambia yule mfumaji kwamba jicho linabaki mahali pake, kinachoondolewa ni ule ukungu. Mama akasema, "Aa." Mabega yakashuka. Mimi moyoni nikajipigia makofi.

Kisha ikaja scene ya kufungua bandeji. Kumbuka sehemu hii sikuifikia mara ya kwanza. Daktari wa kwenye movie anainama, subtitles zinasema: pole mama, limekataa, halitaona.

Wakuu, nilikuwa na kama sekunde mbili.

Nikasema, "Anaona! Anamshukuru daktari."

Scene iliyofuata yule mama yuko kwake, anatafuta mlango kwa viganja, polepole, ukutani.

Mama yangu akasogeza uso hadi karibu aguse kioo cha TV.

"Kama anaona, mbona anapapasa ukuta? Mimi napapasaga hivyo hivyo."

Nikasimamisha movie. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya darasa lolote. Nikamwambia ukweli: nimedanganya, operesheni yake ilikataa.

Nilijua nimeiua operesheni kwa mdomo wangu mwenyewe, nikaanza kupiga hesabu ya magari ya Butiama.

"Halafu anakufa?"

"Hapana, mama. Anaendelea kufuma."

"Kwa mikono tu?"

"Kwa mikono tu."

"Washa tumalizie."

Tukaimaliza. Naipa 8/10. Ni slow, haina muziki wa kukulazimisha ulie, na mwisho wake hauna mbwembwe. Ukiwa na haraka usiiguse.

Jioni tunachambua mchicha, mama akaongea bila kuniangalia.

"Yule DJ wa kwanza ameniogopesha. Wewe ukaja kunibembeleza. Nilikuwa nataka kujua kitu kimoja, ikikosa inakuwaje. Hamna aliyeniambia. Sasa nimejua."

Akainuka, akafungua kifurushi.

Siku ya siku, kabla hajatia dole gumba kwenye fomu, alimuuliza daktari lile lile, ikikosa inakuwaje. Daktari akakaa chini, akamweleza kwamba wengi hufanikiwa, kwa wachache jicho hukataa, na kwa nini hukataa. Mama akaitikia kwa kichwa, akaniambia, "Huyu angefaa kutafsiri." Akaingia.

Kesho yake bandeji ikatolewa. Anaona. Mimi nilitoka nje, nikalia kidogo nyuma ya jengo, nikanawa bombani, nikarudi.

Sasa yuko Butiama. Wiki iliyopita dada kanipigia analalamika: mama akikaa na wenzake wa jumuiya anawasimulia ile movie yote, pamoja na operesheni kukataa, anawatisha wanawake wenye macho mabovu. Ikabidi nimpigie.

"Mama, si uwaambie ya kwako tu, iliyofanikiwa?"

"Nawaambiaga zote mbili. Nikisema yangu peke yake, watasema nimetumwa. Wawili wameshaniomba niwasindikize."

Funzo langu ni dogo tu. Mtu mzima akiogopa, usimrukishie scene mbaya. Ndiyo hiyo hiyo anayoingojea.

Kuhusu DJ, sina kinyongo naye tena. Yeye alidanganya watu asiowajua, ili wacheke. Mimi nilimdanganya mama yangu, tena akiwa amenivutia stuli.

Haya, karibuni mchangie. Ungekuwa wewe, bandeji inafunguliwa na mama yako anasubiri useme, ungetafsiri nini?