Msumari Kwenye Kisanduku cha Fyuzi

Immaculée Niyubahwe, ambaye mjini Kasulu wengi wanamwita Mama Ange, alivunjwa vidole viwili vya mkono wa kulia saa nne asubuhi, siku ya Jumatano, akiwa amelala chali chini ya usukani wa gari la mteja. Watu walimshika miguu wakamvuta. Aliposhika pedali ili asitoke, mtu mmoja akamkanyaga mkono kwa buti.

Yeye ni fundi umeme wa magari. Kazi hiyo aliifundishwa na baba yake, aliyevuka mpaka kutoka Burundi akiwa kijana na kuja kupata uraia uzeeni. Kibanda chake cha mabati kiko kandokando ya barabara ya Manyovu, na wenye magari kuukuu wanamfahamu kwa sababu haondoi waya ambao hajajua unakwenda wapi.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo alikuja Kipriani, dereva wa Busunzu, na gari lake la abiria lenye umri mkubwa kuliko baadhi ya abiria wenyewe. Taa za dashibodi zilikuwa zimekufa. Mshale wa mafuta ulirukaruka, mara tangi limejaa, mara tupu.

"Mwakeye, Mama Ange," alimsalimu kwa Kirundi. "Nifanyie haraka, nina watu wa Kibondo wanasubiri."

Immaculée alianza na fyuzi. Ile ya taa ilikuwa imeungua. Akaweka mpya ya ampia kumi, akawasha taa ndogo, fyuzi nayo ikaungua papo hapo. Basi kulikuwa na shoti. Katika gari lile, kama mengi ya zamani, fyuzi moja ililisha taa za dashibodi na taa za nyuma pamoja, kwa hiyo shoti ingeweza kuwa popote, kuanzia mbele hadi kwenye buti. Akafungua dashibodi, akafuata waya mmoja mmoja kwa testa. Nyuma ya redio alikuta waya umechubuliwa na chuma cha usukani hadi shaba inaonekana. Akaufunga, akausogeza mbali na chuma. Kisha akakaza boliti ya ethi, ule waya unaofungwa kwenye bodi ya gari, iliyokuwa imelegea na kushika kutu, na mshale wa mafuta ukatulia.

Lakini hakumwachia hivi hivi. Aliinua zulia la nyuma akamwonyesha waya wa taa za nyuma, ulivyokauka na kupasukapasuka.

"Huu ubadilishwe wote, Kipriani. Na fyuzi ikiungua tena usiweke kitu kingine. Rudi hapa."

"Nitarudi," alisema Kipriani.

Hakurudi. Jumatano ile, kukiwa na mvua na ukungu, alitoka Kibondo alfajiri akiwa amewasha taa. Asubuhi, karibu na Heru Juu, moshi ukaanza kutoka chini ya zulia la nyuma. Kule nyuma kulikuwa na madumu ya mawese, na milango ya nyuma ilikuwa haifunguki kwa ndani. Kipriani alitoka, akaungua mikono akijaribu kuifungua kwa nje. Abiria wawili walitokea dirishani. Wa tatu, Shadia, mwanamke aliyekuwa akiuza unga wa muhogo sokoni Kasulu, hakutoka.

Watu walipomuuliza Kipriani gari limekuwaje, akajibu, "Lilitengenezwa juzi juzi na yule Mrundi wa barabara ya Manyovu."

Hayo ndiyo maneno waliyokuja nayo watu juu ya bodaboda kama ishirini, wawili wawili. Mbele alikuwa Fidele, mdogo wake Shadia. Walimpiga Immaculée kwa spana zake mwenyewe. Jino lilitoka. Waliibomoa meza, wakamwaga tindikali ya betri, wakamburuta ndani ya tope lake. Mama muuza chai wa jirani aliyejaribu kuingilia alipigwa kofi akaanguka. Kisha wakambana Immaculée katikati ya wanaume wawili juu ya pikipiki na kumpeleka Heru Juu, ili afe mahali Shadia alipofia.

Gari lilikuwa bado linafuka. Shadia alikuwa ameshatolewa, amefunikwa kanga mbili kando ya barabara, na miguu ilikuwa imebaki nje. Immaculée aliiona. Alisimulia baadaye kwamba hapo hofu ilimtoka, ikaingia hasira asiyoijua, kwa sababu alikumbuka waya ule chini ya zulia.

Fidele alikuwa na chupa ya petroli.

"Mwingizeni humo," alisema.

"Niache niangalie kisanduku cha fyuzi," Immaculée akasema. Mdomo ulikuwa umevimba, ikabidi arudie. "Niangalie kwanza. Sikimbii, nitakimbilia wapi?"

Fidele akaonyesha gari kwa chupa. "Angalia. Halafu utabaki humo humo."

Sehemu ya mbele haikuungua sana. Alipiga magoti, akaingiza kichwa chini ya usukani, akapapasa kwa mkono wa kushoto. Plastiki ya kisanduku ilikuwa imeyeyuka na kuganda. Mahali alipoweka fyuzi ya ampia kumi palikuwa na kipande cha msumari, kimekatwa kwa koleo, kimeshikilia pande zote mbili za shaba. Fyuzi ingeungua ikakata umeme. Msumari hauungui. Uliacha umeme upite hadi waya ukawa moto chini ya makalio ya watu.

Akageuza shingo. Kipriani alikuwa amesimama hatua chache, mikono imefungwa vitambaa, anamtazama. Hakuwa na haja ya kumuuliza. Alijua pia kwamba akitamka neno moja kwa sauti, petroli ile itamhamia yeye.

"Fidele," akaita. "Njoo peke yako. Ingiza kichwa uone."

Fidele akaiweka chupa chini, akainama. Immaculée akamwonyesha kwa kidole, akamweleza polepole. "Mimi niliweka fyuzi. Huu ni msumari. Uacheni hapo hapo mpaka polisi waje wauone."

"Nani aliuweka?"

Fidele hakungoja jibu; gari lilikuwa mikononi mwa Kipriani peke yake. Alitoka, akaokota nondo, akamwendea Kipriani na kumpiga gotini mara mbili, mfupa ukasikika. Kipriani alipiga kelele akitaja jina la Shadia, akisema abiria walikuwa wanamsubiri, akisema hakujua. Watu wakamvamia. Immaculée aliipiga teke chupa ya petroli ikaporomoka mtaroni, kisha akajitupa juu ya Kipriani. Alipigwa tena, mgongoni, na watu ambao hawakujua hata kilichobadilika. Ni Fidele aliyeanza kuwasukuma warudi nyuma, nondo mkononi, analia. Polisi walipofika walimkuta bado anawasukuma.

Mahakamani Kipriani alikubali kwamba fyuzi iliungua Busunzu naye akakata msumari. Alifungwa. Siku hizi anatembea kwa gongo.

Immaculée aliulizwa ni nani waliompiga. Wazee wa Fidele walikuwa wamekwenda kwake mara tatu kumwomba amsamehe kijana, maana alikuwa amefiwa, na mwishowe alimwokoa. Aliwapa viti, akawasikiliza. Mbele ya hakimu akataja majina manne anayoyafahamu, na la Fidele likiwa la kwanza.

"Namhurumia," alimwambia binti yake Ange walipokuwa wakirudi nyumbani. "Lakini nilikuwa nimelala chini ya gari, nafanya kazi."

Alijenga kibanda upya palepale. Vidole viwili havikunjiki, kwa hiyo testa anaishika kwa mkono wa kushoto, na kazi ya saa moja inamchukua saa mbili. Wateja wanasubiri. Baadhi yao walikuwa kwenye zile bodaboda, na hao huwa hawamtazami usoni anapowaambia fungua boneti.