Kamba Fupi katika Shimo la Mwachikoba

Sikuondoka Bofu, mtaa wangu wa Likoni, kwa kutafuta sifa. Niliondoka kwa ajili ya kisima. Asubuhi ya Jumatatu Bi Mejumaa, shoga yangu tangu tulipokalia mkeka mmoja chuoni tukisoma Kurani, alibisha hodi nyumbani kwangu Likoni akiwa na chupa ya maji. Aliiweka mezani kwa uangalifu, kama aliyemleta mgonjwa kwa tabibu.

"Yatazame vizuri, Rukia," akaniambia. "Wiki ijayo huenda yakawa na manyoya."

Bi Mejumaa ameolewa Mwachikoba, kijiji kilicho kusini mwetu, nyuma ya msitu, mahali ambapo ardhi yote ni mawe ya chokaa. Kisima kilicho uani mwake ndicho kinachokinywesha kijiji kizima. Upande wa juu kutoka kisima hicho, katikati ya msitu, pana shimo lililokwenda chini wima kama mnara uliopinduliwa. Wenyeji husema halina mwisho, nao huona fahari kubwa kwa jambo hilo, hasa wakikumbuka kwamba kijiji jirani kina shimo pia, lakini lao lina mwisho na mbuzi huingia na kutoka.

Sasa Bwana Hamisi, mfuga kuku mkubwa wa pale, alikuwa ameomba ruhusa ya kutupa shimoni manyoya na matumbo ya kuku wanaochinjwa kwake. Hoja yake ilikuwa fupi: kitu kikitupwa mahali pasipo mwisho, hakiwezi kumsumbua mtu. Baraza lingekata shauri Ijumaa, baada ya sala.

"Nami wataka nifanye nini?" nikamwuliza.

"Ushuke ukaangalie kama lile shimo na kisima changu vimeungana. Si umefundisha jiografia miaka yote hiyo? Au ulikuwa ukiwafundisha watoto wa watu uongo?"

Baada ya maneno hayo sikuwa na udhuru.

Jumanne, Likoni. Nilikwenda kununua kamba. Miaka michache nyuma nilikuwa nimelizuru shimo lile, nikadondosha jiwe na kuhesabu, nikakadiria kina cha pima ishirini na tatu. Nilihitaji pima mbili zaidi za kufungia juu, kwa hiyo niliagiza kamba mbili, moja ya kunishusha na moja ya tahadhari, kila moja pima ishirini na tano. Muuzaji, Bwana Bakari, hupima kama alivyopima babake: hunyosha mikono yote miwili, huivuta kamba kifuani, na kutaja hesabu kwa sauti. Ni mtu mwenye maneno mengi na kimo kidogo.

Pamoja nami alikuwepo Wafula, mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mfunga mizigo bandarini na anaishi Changamwe karibu na uwanja wa ndege. Alimtazama Bakari akinyosha mikono, kisha akaninong'oneza, si kwa sauti ya chini ya kutosha:

"Mwalimu, tupime na futi kamba. Huyu msee ni mfupi."

"Mfupi mimi?" Bakari akaruka. "Babangu aliuza kamba hapa kabla babako hajaijua njia ya kuja pwani!"

"Sijasema babako. Nimesema wewe."

Niliwanyamazisha wote wawili. "Pima ni futi sita," nikasema. "Jambo hilo lilikwisha kuamuliwa zamani." Naiandika sentensi hiyo hapa kwa ukamilifu, kwa kuwa ndiyo niliyoijutia kuliko zote katika safari hii.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi. Wafula alivuka kwa feri akiwa na makapi mawili ya chuma ya kupitishia kamba na mikanda ya turubai, ile ya kunyanyulia mizigo. Rafiki yake alikuwa akipeleka saruji kusini kwa pikapu, akatupakia juu ya mifuko. Tulipofika njia panda ya Mwachikoba mimi na Wafula tulikuwa na rangi moja, kijivu, na watoto waliotuona walikimbia kwenda kutangaza kwamba wageni wamekuja tayari wamezikwa.

Bi Mejumaa alitunawisha, akatupakulia wali wa nazi na mboga ya mchunga. Hatujamaliza kula, Bwana Hamisi akaingia kutusalimu. Ni mtu mpana, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na sauti ya kuhutubia.

"Shikamoo, Mwalimu. Nasikia waenda kulitafuta lisilokuwapo."

"Marahaba. Inshallah tutaliona lisilokuwapo lina kina gani."

"Mimi sina ugomvi na mtu," akasema, akijikalisha. "Nina kuku tu. Na hakuna kuku, jike wala jogoo, asiyeniogopa. Ukifika mwisho wa shimo, wasalimie Wachina."

Nilimweleza kwamba ukiitoboa dunia kuanzia hapa hutokei Uchina, bali katikati ya bahari kuu.

"Basi wasalimie samaki," akasema, na wote waliokuwapo wakacheka, na mimi pia.

Alhamisi, saa tatu. Tuliingia msituni tukiwa na wanaume wanane wa kijiji wa kushika kamba. Njia hupita kati ya majabali yenye ncha, yaliyoliwa na mvua hata yakawa kama meno ya msumeno, na mizizi ya mibambakofi huyakumbatia na kujipenyeza katika kila ufa. Kisha ghafla miti inaacha nafasi, na pale chini pana mdomo mweusi wenye upana wa chumba cha kulala, ukipumua hewa baridi. Niliupima upana wake kwa futi kamba, nikachukua mwelekeo kwa dira, nikachora mchoro wa kwanza. Kazi hiyo ilichukua saa nzima. Wafula alilala.

Alipoamka alinifunga mikanda juu ya suruali niliyovaa ndani ya dera, akatundika makapi kwenye shina nene, akakagua kila fundo mara mbili. Kazini kwake huwa hafanyi mzaha.

"Mwalimu, kontena hainiulizi maswali nikiishusha. Na wewe usiniulize."

Nilishuka nikiwa nimeukabili ukuta wa jiwe. Kila baada ya pima mbili, kwa futi kamba yangu, nilisema "Simama", nikapima upana, nikaandika. Pima sita: mashada ya mizizi na popo wachache. Pima kumi: chokaa nyeupe, laini, yenye mifereji kama mishumaa iliyoyeyuka. Pima kumi na nne: kuta zikafunguka pande zote, nami nikawa naning'inia katikati ya ukumbi wenye giza, taa yangu haiufikii ukuta wowote. Nakiri kwamba hapo niliacha kuandika kwa muda, nikasoma nilichokihifadhi chuoni.

Halafu nikasimama bila kusema "Simama".

"Kamba imeisha!" Wafula akapaza sauti kutoka juu.

"Haijaisha! Hesabu yangu bado pima nne!"

"Hesabu ya Mwalimu iko sawa! Mikono ya Bakari ndiyo haiko sawa!"

Chini yangu taa iliangaza maji, meusi na matulivu. Niliishusha timazi yangu, kipande cha chuma cha kupimia, kwa uzi wake. Iligusa maji baada ya pima nne kamili, kisha ikazama, ikaendelea kuzama, mpaka uzi wote ukaniishia mkononi. Kwa hiyo maji yalikuwa pale nilipokadiria. Aliyekosekana alikuwa mimi. Maji kuwapo hakukuthibitisha kitu, kwani huenda yalikuwa ya shimo peke yake. Wafula alisema wavutaji wanahitaji kupumzika kabla ya kunipandisha. Nikabaki hapo, nikizunguka polepole kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba.

Ndipo niliposikia "chubwi", na maji yaliyo chini yangu yakatetemeka, duara kwa duara, ingawa hakuna kilichoanguka kutoka kwangu. Kikafuata kilio cha gurudumu la kisima. Kisha, kutoka mahali fulani katika giza la upande wa mashariki, wazi kabisa, sauti ya mwanamke:

"Mwanamke mzima, na miwani yake, kaning'inia shimoni kama popo!"

"Na mwenyewe ana wajukuu," mwingine akajibu.

Nilitoa penseli. "Chubwi" ya pili, mtetemeko wa pili. Ya tatu, wa tatu. Maneno yaliendelea, nami niliyaandika kama yalivyokuja, maana mpimaji hachagui vipimo. Sauti ya kwanza niliitambua: ni ya Bi Mwanasiti, mkewe Bwana Hamisi, aliyekuja kunisalimu usiku uliotangulia.

"Hamisi wangu naye ajisifu! Wallahi, shoga, kuku wote nawashika mimi. Yeye husimama nje na fimbo. Lile jogoo jekundu likimtazama tu, hupanda juu ya meza."

"Juu ya meza?"

"Na viatu vyake!"

Nilicheka hadi Wafula akauliza kama mikanda inanibana.

Ijumaa, baada ya sala. Baraza lilikaa mbele ya msikiti, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili. Usiku wote nilikuwa nikijadiliana na nafsi yangu. Kusengenya ni haramu, na kuyasoma masengenyo ya mtu mwingine hadharani sikuona kuwa ni bora zaidi. Lakini chupa ya Bi Mejumaa nayo nilikuwa nimeiona mezani kwangu.

Nilianza kwa maji. Nikaeleza kwamba kila ndoo ilipogonga maji ya kisima, maji ya shimo yalitikisika, mara tatu kwa tatu.

Bwana Hamisi akasimama. "Nani mwingine aliyeyaona mawimbi hayo? Gizani, Mwalimu, mtu huona mengi."

Watu wakacheka. Bi Mejumaa alinitazama, akaangalia chini.

"Sikuona tu, nilisikia pia," nikasema. "Bwana Hamisi, yote yameandikwa humu. Yasome kwanza wewe, kimyakimya. Ukitaka yasomwe kwa sauti, nitayasoma."

Akalipokea daftari akitabasamu. Akasoma. Tabasamu likakaa mahali pake kwa muda, halafu likaondoka. Akafungua ukurasa wa pili, akaurudia wa kwanza, akatupa jicho upande wa wanawake, ambako Bi Mwanasiti alianza kujifunga upya leso yake, tena na tena.

"Maneno haya yalisemwa wapi?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Kisimani, jana adhuhuri. Nami nilikuwa shimoni. Wanaume wanane walikuwa wameishika kamba yangu."

Bwana Hamisi alikohoa, akalifunga daftari, akaligeukia baraza.

"Ndugu zangu, elimu imesema. Shimo na kisima ni kitu kimoja. Taka zangu nitazichimbia shimo shambani kwangu, mbali, kwenye mteremko ulio chini kuliko kisima."

"Elimu imesema nini?" mtu akauliza.

"Imesema vya kutosha!"

Mmoja wa wale wavutaji kamba alisimama kwa huzuni. "Kwa hiyo, Mwalimu, shimo letu lina mwisho?"

Nilijibu kwa ukweli: timazi ilizama majini hadi uzi ukaisha, na mwisho sikuugusa. Shangwe iliyopigwa hapo sijapata kuisikia katika darasa lolote nililofundisha. Bi Mejumaa hakushangilia. Alikwenda uani kwake, akarudi na kata ya maji, akanipa mimi kwanza.

Jumamosi, Likoni tena. Nilipeleka kamba kwa Bwana Bakari pamoja na futi kamba yangu, tukapima pamoja. Pima yake ni futi tano.

"Mikono yangu haijapungua tangu ujana," akasema bila haya. "Huenda futi ndizo zilizoongezeka."

Wafula alinitazama tu, kwa heshima kubwa isiyovumilika. Tangu siku hiyo mimi humpima mpimaji kwanza. Hata hivyo sikumlaumu Bakari. Kamba ingalitosha, ningalitumbukia majini nikipiga kelele, na nisingalisikia hata neno moja.

Ramani nimeimaliza. Penye usawa wa maji nimeandika: pima ishirini na tatu. Penye mwisho wa shimo: haukuguswa. Bi Mejumaa amenipigia simu kunijulisha kwamba maji bado ni safi, ila kisimani sasa pana adabu isiyo ya kawaida. Kabla ya kuanza mazungumzo yoyote, Bi Mwanasiti huinama juu ya kisima, akasikiliza, kisha akauliza kwa upole:

"Mwalimu, umo?"