Risasi ya Mzee Shaabani

Radhia Seifu alijifunza kamera kwa mume wake, na alipobaki mjane akaendelea na kazi ile ile: kupiga video za harusi mtaani kwao Buyenzi. Vita vilizibana hata harusi. Bibi harusi ilimpasa awe amefika kwa mumewe kabla ya saa ya kutotoka nje, kwa hiyo watu walikula wali kwenye jua la mchana na kuagana haraka, naye Radhia akarudi nyumbani na kanda iliyojaa nusu.

Mwaka 2003 shirika moja la mazingira, lenye ofisi Kigobe, lilitangaza shindano la filimu fupi. Zihusu teknolojia mpya na inavyogusa maumbile. Radhia hakuhitaji kwenda mbali. Nyuma ya nyumba yake, ukingoni mwa mto Ntahangwa, mzee Shaabani alikuwa akivunja betri zilizokufa. Aliyeyusha risasi iliyokuwa ndani, yale madini mazito ya kijivu, akatengeneza vizamisho vya nyavu kwa wavuvi wa ziwani.

Zamani zilikuwa betri za magari, tena chache. Kisha simu za mkononi zikaingia mjini. Umeme ulikuwa ukikatika ovyo kwa sababu ya vita, minara ya simu ikategemea betri kubwa kubwa, na zilipochoka lori la kampuni ya simu lilikuja kuzimwaga mlangoni kwa Shaabani. Maji yake makali yakateremka mtoni. Bata wakafa. Nyasi za ukingoni zikaungua bila moto, na Candide, jirani aliyelima lengalenga kule chini, akawa anang'oa mboga zenye mizizi myeusi.

Radhia alipomwomba ruhusa ya kumpiga picha, mzee aliweka nyundo chini.

"Unataka batu waone mi naharibu mto?"

"Apana, mzee. Nataka waone lori."

"Basi piga. Lakini hiyo lori uionyeshe muzuri. Hizi betri mi sikuziita. Zilinikuta hapa."

Radhia akapiga. Alinasa lori likipanda kutoka mnarani, askari wawili wakiwa wamekaa juu ya betri kulilinda. Alinasa maji yakitoa povu, na nyange mmoja aliyesimama kwenye matope ya ukingoni bila kuokota kitu. Maneno aliyasema mwenyewe, kwa Kiswahili cha kwao: "Mzee Shaabani anayeyusha risasi kila asubuhi. Risasi hii inatoka katika betri za minara ya simu. Sumu yake inakwenda mtoni, na mto unakwenda ziwani."

Radhia alipeleka nakala kwenye ofisi ya shirika, na filimu zote zikaonyeshwa Jumamosi mchana, katika ukumbi wa Kigobe. Radhia alimleta Shaabani, kanzu imepigwa pasi, akamkaribisha kiti cha mbele. Ikaja filimu yao. Nyundo ilionekana, na povu, na bata waliokufa. "Mzee Shaabani anayeyusha risasi kila asubuhi," ilisema sauti ya Radhia, kisha ikarukia, "Sumu yake inakwenda mtoni." Lori halikuwamo. Mnara haukuwamo.

Watu walipiga makofi. Radhia aliitwa mbele, na mkubwa wa kampuni ya simu, iliyotoa zawadi, akamkabidhi kamera mpya. Kamera yake ya zamani ilikuwa inakufa. Aliipokea hiyo mpya. Alipogeuka, kiti cha Shaabani kilikuwa kitupu.

Alimfuata Léonce, msimamizi wa shindano, hadi kwenye gari lake.

"Ni nani aliyekata filimu yangu?"

"Ilikuwa ndefu, madame."

"Haikuwa ndefu."

Léonce alifungua mlango wa gari. "Bila ile kampuni hakuna shindano. We uliona nani mwingine anatupa kitu mu vita hii?"

Baada ya siku chache filimu ilipita kwenye televisheni. Mji ulikuwa haujasahau makombora ya waasi yaliyoupiga Julai, na mtu aliyesikia kwamba kuna mzee anayeyeyusha risasi kila asubuhi hakuwaza madini. Askari walikuja Buyenzi mapema, wakapindua sufuria za Shaabani, wakamchukua. Huko kambini walimuuliza swali moja tu, wakilirudia: risasi zake zinakwenda kwa nani? Akajibu kwamba zinakwenda kwa wavuvi. Wakampiga.

Radhia alikwenda kambini na kanda nzima, ile isiyokatwa. Mkubwa wa pale, mtu wa sauti ya upole, alikubali kuitazama.

"Afande, ni risasi ya betri," alisema Radhia. "Haiko ya bunduki."

Afande alitazama mpaka mwisho. Akairudisha nyuma, kwenye lori, akaisimamisha pale walipoonekana wale askari wawili.

"Hawa wanafanya nini juu ya lori ya kampuni?"

"Sijui, afande."

"Hujui. Ni vizuri." Aliitoa kanda, akaitia kwenye saraka ya meza yake. "Muzee wako umuchukue. Kanda inabaki."

"Sina nyingine, afande."

"Ndiyo maana inabaki."

Shaabani alitoka akiwa ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto. Vidole vilikuwa vimevimba, viwili vikielekea upande usio wao. Radhia alitaka kumshika, mzee akakataa. Walipofika mbali na kambi, mzee akasema:

"Mu filimu yako niliua mto. Kwa hawa niliua batu. Kesho utanipiga nikiua nini?"



Vidole havikupona, na mzee hakushika nyundo tena. Alihamia kwa binti yake, mtaa wa Cibitoke, na Radhia alipokwenda kumjulia hali aliambiwa amelala. Filimu iliyokatwa ilipelekwa Ulaya, ikasifiwa. Lori nalo halikuacha kuja. Kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuvunja betri, waliokuja nalo walizisukuma nzima nzima bondeni mwa mto, zikapasuka zenyewe kwenye mawe.

Candide aliacha shamba mvua za mwaka uliofuata. Alimwambia Radhia akiwa amebeba jembe begani: "We uko na kamera mupya. Si upige tena?"

"Nipige, nimpe nani?"

Candide alihamishia jembe bega la pili, akaaga. Jumamosi hiyo Radhia alipiga harusi ya watu wa Kibenga, ufukweni mwa ziwa, kwa kamera ya zawadi. Walisema picha zake ni safi sana, hata ziwa la nyuma limetoka buluu.