Nati ya Gurudumu la Mwalimu

Mwalimu wangu wa hesabu wa shule ya usiku ana gari lisilo na mlango, lisilo na kioo cha mbele, wala ufunguo wa kuliwasha. Lina bawa mgongoni, pana kama paa la kanisa, na likinguruma kuku wa Kentucky nzima wanaacha kutaga. Jumamosi jioni, baada ya wiki nzima ya kutufundisha sisi watu wazima sehemu na desimali, mama huyo wa miaka hamsini hujibana ndani yake na kwenda kushindana na vijana kwenye uwanja wa udongo, mwendo wa saa moja kutoka Louisville.

Nilipopata cheti changu alinialika nikaone. Mara ya kwanza nilikwenda kama mgeni. Mara ya pili baba yake, mzee wa ndevu ambaye ndiye fundi mkuu wa gari, alinipa spana. Donc, kufikia Jumamosi ya tano nilikuwa na cheo: mkazaji wa nati ya gurudumu la nyuma, upande wa kulia. Gurudumu lile linashikwa na nati moja tu, kubwa kama kisahani cha chai. Ikilegea, gurudumu linachomoka, na gari linabiringika mpaka liamue lenyewe kusimama.

Kiwandani kwetu Jeffersontown pia nakaza nati, kutwa, lakini kule mashine ndiyo inayokumbuka. Ikishakaza, taa ya kijani inawaka. Uwanjani hakuna taa. Kuna mkono wako na kichwa chako.

Jioni ile tulibadilisha gurudumu dakika chache kabla ya mbio kubwa. Nilikuwa nimeizungusha nati kwa vidole, nimeinua spana, ndipo vipaza sauti vikaanza wimbo wa taifa. Bon, Wamarekani huvua kofia, huweka mkono kifuani. Mimi niliganda. Nimekulia Kivu, na kwetu bendera ikipandishwa ulisimama pale pale ilipokukuta, hata kama mguu mmoja uko hewani, kwa sababu askari alikuwa anatafuta nani anatikisika. Baba yangu aliwahi kusimama na gunia la mihogo kichwani mpaka, naapa, mihogo ikachipua. Kumbe mwili wangu haujasahau. Niliganda na spana juu, macho mbele, hata kupumua kwa kuiba.

Kilichofuata sikijui. Nakumbuka tu mzee anapiga kelele, "Twende, twende!", jeki imekwisha kushushwa, pikapu inalisukuma gari kwa nyuma ili liwake, na mimi nimesimama na spana mkononi. Kati ya wimbo na jeki, kichwani mwangu hamna kitu.

Nilikaza?

Nilijikokota hadi kwenye uzio, alikosimama mke wangu na mfuko wake wa mandazi.

"Papa watoto, mbona unatoka jasho na hii baridi?"

"Nati ya Mwalimu. Sijue kama niliikaza."

"Namna gani haujue? Mikono ni ya nani?"

Magari ishirini yalipita mbele yetu kwa pamoja, mbavu zikanitetemeka, madonge ya udongo yakaturukia. Kwenye kona, uzito wote wa gari unalalia gurudumu lile lile la nyuma kulia. Nikalikazia macho. Naliona linacheza. Naangalia tena, halichezi. Nimeiogopa theluji ya Buffalo, tulikofikia kwanza Marekani, iliyozika gari letu hadi antena. Nimeziogopa barabara kuu za Columbus, tulikohamia baadaye, nikiendesha na wiki mbili tu za leseni. Hofu zile zote ukizichanga hazifikii nusu ya ile.

Na kinywa kikakataa kufunguka. Tangu nimjue, Mwalimu hakuwahi kushinda, na mzunguko wa tano akashika nafasi ya kwanza! Nimwondoe kwa sababu gani? Kwa sababu mtu mzima mwenye cheti hakumbuki alichofanya kwa mkono wake mwenyewe? Nikanyamaza mizunguko minne. Mizunguko minne hiyo bado naiota.

Gari moja la nyuma likageuka na kuzimika katikati ya njia. Bendera ya njano ikatoka, magari yote yakapunguza mwendo.

"Enda umwambie mzee," mke wangu alisema.

"Atanifukuza."

"Kwani anakulipaka?"

Hatua thelathini hadi kwa mzee zilikuwa ndefu kama Goma hadi Kinshasa kwa miguu.

"Mzee, ile nati ya kulia. Sikumbuki kama niliikaza."

"Una hakika haikukazwa?"

"Sina hakika ya chochote."

Akatema neno ambalo shule ya usiku haifundishi, akamkimbilia mwamuzi, kwa maana dereva husikia sauti ya waamuzi tu masikioni. Gari likaingia. Ndani ya kofia niliona macho mawili ya Mwalimu. Nikatia spana, nikavuta kwa uzito wangu na wa babu zangu wote. Nati haikusogea hata unene wa unywele. Nikavuta tena. Ilikuwa imekazwa, na aliyeikaza ni mimi.

Mwalimu akasukumwa tena uwanjani, na kwa kanuni yao anayetoka hurudi wa mwisho. Mbio zote zilizobaki niliendelea kulikodolea macho gurudumu lile, ingawa nilijua sasa kwamba nati ni nzima. Alimaliza wa tisa.

Akavua kofia. "Ilikuwa imelegea?"

"Hapana, Mwalimu."

"Nilikuwa wa kwanza."

"Najua."

Akatupa glavu ndani ya pikapu, akaenda kunawa uso. Hakuna aliyeniambia si kitu.

Njiani kurudi nilisahau hata kuomba andazi, jambo ambalo mke wangu hajaliona tangu harusi. "Afazali akukasirikie," alisema. "Mutu wa kukasirika iko muzima."

Alhamisi simu ikaleta ujumbe wa Mwalimu: "Jumamosi, saa kumi na moja. Usichelewe."

Nilifika saa tisa. Jioni, vipaza sauti vilipokoroma kabla ya wimbo, mzee alinyoosha mkono na kuninyang'anya spana bila kuniangalia. Niliganda mikono mitupu. Wimbo ulipokwisha akanirudishia. Nikakaza, naye ameniinamia begani, akihesabu kwa sauti kila mvuto.