Nyumba Niliyoiruka

Enzi zetu sisi tuliokulia Mji Mkongwe, harusi ilialikwa kwa mdomo, nyumba hadi nyumba. Unapiga hodi, unaamkia, unasema ulichotumwa, unapewa kashata, unaondoka. Kashata zile! Watoto wa leo wanamaliza pakiti nzima ya biskuti macho yakiwa kwenye simu, wala hawajui wamekula nini.

Harusi ya dada yangu ilipokaribia, mama alinituma mimi. Nilijiona mkubwa. Wiki ile mwalimu wa Kiingereza alikuwa ametufundisha kitenzi 'announce', akasema vitabuni hiyo si kazi ya mtu anayenong'ona: mjumbe husimama, akatoa habari, na kila mtu akasikia. Basi nikatangaza uchochoro mzima, isipokuwa kwa jirani yetu Bi Fatma. Jana yake, tukicheza nage, mpira wangu ulipindua sinia lake la ndimu za achari alizoanika juani. Nilikuwa nimekimbia, na bado nilimwogopa. Nikaona bora nyumba yake niiruke.

Siku mbili kabla ya harusi, mama alimsalimia, naye akafunga dirisha. Mama aliingia ndani akalia.

"Bi Fatma ndiye aliyekupokea nilipokuzaa wewe," alisema. "Nimemkosea nini?"

Machozi yale yalinishinda. Nikaeleza yote.

"Nenda," mama akasema. "Peke yako."

Nilisimama mbele ya mlango wake, nikapaza sauti mpaka majirani wakachungulia.

"Shikamoo, Bi Fatma! Mama anakusalimu, anakwambia Ijumaa uje harusini. Na ndimu nlizimwaga mimi!"

Mlango ukafunguka.

"Marahaba. Sauti yote hiyo ulikuwa umeificha wapi?" Alikuwa ameshika mwiko, lakini alicheka. "Mwambie mama'ko nnakuja. Biriani lake atalipika nani kama si mimi?"

Siku hizi kadi inaingia kwenye simu, ina maua na muziki, unaisoma ukiwa kitandani. Ni rahisi, sikatai, na mwezi uliopita, binti yangu alipokuwa anaolewa, nami nilizituma. Lakini kabla sijaigusa simu nilivaa buibui, nikaenda kupiga hodi kwa Bi Fatma, ambaye sasa haoni vizuri.

"Nani?"

"Mimi, Bi Fatma. Nimekuja kualika."

"Ushapita nyumba ngapi?"

"Hii ndiyo ya kwanza."