Viroboto na Alhamisi za Baba

Baba yangu, Ephantus Kamande, aliogesha ng'ombe wa watu kwa miaka thelathini na mmoja, na sijawahi kumsikia akijisifu. Basi nitamsifu mimi, kwa sababu nimechelewa sana kufanya hivyo, na pia kwa sababu sikurithi ile tabia yake ya kunyamaza.

Kazi yake ilikuwa kwenye josho moja huko Mau Narok, lile bwawa refu la saruji ambalo ng'ombe husukumwa ndani, akaogelea kwenye dawa ya kupe na kutokea upande wa pili akipiga chafya. Siku ya josho ilikuwa Alhamisi. Mvua inyeshe, ngano ivunwe, barabara ikatike, Alhamisi Baba alikuwa pale na fimbo yake yenye alama, akipima kina cha dawa. Mkulima akileta ng'ombe watano na kuwaacha ndama nyumbani, Baba alimrudisha. "Leta wote au rudi nao wote," alisema, na hakuna aliyemweza kwa hilo.

Mimi nilikua nikiichukia siku hiyo. Mama alipofariki nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mazishi yakapangwa Ijumaa. Alhamisi asubuhi nyumba ikiwa imejaa jamaa na sufuria ziko motoni, Baba akavaa gambuti zake. Shangazi akamuuliza anaenda wapi. "Leo ni Alhamisi," akasema, akatoka. Alirudi saa saba akinuka dawa, akaketi na wazee kana kwamba alikuwa ametoka dukani kununua sukari. Sikumwambia kitu. Nilikaa na hilo jambo moyoni miaka kumi na minane, na nikisema ukweli, nililitunza vizuri.

Siku hizi nashona nguo Rhonda, hapa Nakuru. Chumba cha mbele kina cherehani mbili na meza ya kukatia, na vyumba viwili vya nyuma ndivyo tunavyoishi. Baba alihamia kwangu mwaka juzi, goti lake lilipokataa milima. Wa tatu katika nyumba hii ni Meneja, paka wa rangi ya majivu. Meneja si pambo. Kabla sijampata, panya walinitafunia bunda zima la kitambaa cha sare za shule, na tangu aje sijapoteza hata mkono wa shati.

Mwanzoni mwa mwaka huu Akeyo, mwenyekiti wa kwaya ya kanisa letu, ambaye sisi sote humwita Mama Travis, aliniletea kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kushika. Majoho thelathini na mawili ya Pasaka, yote meupe. Alisema kwaya imenichagua mimi, ikawaacha mafundi wa mjini. Usiniulize nilivyotembea wiki hiyo.

Kumbe viroboto nao walikuwa wamenichagua. Nilianza kwa kujikuna kifundo cha mguu nikidhani ni joto. Kisha Mama Travis akaja kupimwa, akasimama mbele ya kioo mikono ameinua, nikaona mguu wake mmoja unausugua mwingine. Nilipima kifua chake mara mbili na mara zote mbili nikasahau namba. Nilijua kitakachotokea. Kiroboto mmoja tu akiruka kutoka kwenye joho jeupe mbele ya kanisa zima, sitashona tena Rhonda hata kiraka.

Jirani yangu Ogola, fundi wa kuchomelea vyuma, aliposikia alikuja na chupa ndogo mkononi.

"Sue, hii ni ile ya kupe. Changanya na maji, tumbukiza huyo paka mara moja tu. Kama inaua kupe, kiroboto ni nani?"

Mimi nilikuwa tayari nimechukua karai. Baba alitoka nyuma akichechemea, akaipokea chupa, akasoma karatasi yake taratibu, akamrudishia Ogola.

"Asante, kijana. Hii ni ya ng'ombe. Ng'ombe ana kilo mia nne. Huyu ana tatu, na kutwa nzima anajilamba kutoka masikio hadi mkia. Jioni tutakuwa tunamzika." Kisha akanigeukia. Huniita Mami, kwa sababu nimebeba jina la mama yake, Wangare. "Mami, nipe Alhamisi sita."

Hesabu niliijua. Alhamisi ya sita ilikuwa ndiyo siku ya kukabidhi majoho.

Alhamisi ya kwanza alianza kwa kujinunulia soksi nyeupe ndefu, za wachezaji wa mpira. Mtu aliyevaa gambuti maisha yake yote alizivuta hadi magotini, akatembea polepole kila pembe ya chumba cha mbele, halafu akaketi na kuhesabu. Kiroboto juu ya soksi nyeupe hana pa kujificha. Alipata kumi na mmoja. Baada ya hapo akampeleka Meneja kwa daktari wa mifugo, wakamtia matone ya dawa ya paka nyuma ya shingo, pale ambapo ulimi haufiki. Waliporudi alimchana kwa chanuo la meno membamba, kila mara akilichovya kwenye bakuli la maji ya sabuni, na Meneja, ambaye hunikwaruza mimi nikimgusa tu tumbo, akatulia.

Kisha akapiga magoti kwa shida na kuchungulia chini ya meza ya kukatia.

"Hapa ndipo analala?"

Alikuwa anaangalia gunia langu la vipande. Miaka sita nilikuwa nikikusanya mabaki ya vitambaa ili siku moja nishone mablanketi ya viraka. Nikamwambia ile ni mali.

"Usimwangalie ng'ombe, angalia anapolala," akasema. "Kiroboto anamnyonya paka, lakini mayai yanaanguka chini. Hapa ndipo kwao."

Tulilichoma gunia nyuma ya nyumba, nami nikanuna hadi jioni. Mashuka, mapazia, kila kilichokuwa cha kitambaa kilichemshwa na kuanikwa juani. Majoho niliyafunga ndani ya mifuko ya nailoni na kuyaning'iniza juu. Sakafu ilifagiliwa hadi ndani ya nyufa, uchafu wake ukachomwa, kisha nyufa zikamwagiwa maji ya moto ya sabuni. Nilitaka kufanya chumba cha mbele tu, maana ndicho wateja wanachoona. Akanitazama vile alivyokuwa akiwatazama wale walioacha ndama nyumbani. Tukafanya vyote vitatu.

Alhamisi ya pili soksi zilikuwa na wanne. Nilipika chapati kwa furaha.

Alhamisi ya tatu zilikuwa na kumi na tisa.

Nina hasira za karibu, sikatai. Nilichukua katoni ya nyuzi, nikamtia Meneja ndani, nikamwita Ogola kupitia dirishani. Ana binamu Kamere, kule ziwani Naivasha, anayevua samaki. Nilimwambia ampeleke paka huko, hatakosa chakula, na mimi nibaki na nyumba yangu.

"Mami, ukimwondoa huyo, watakula nani?" Baba akauliza.

Niliendelea kuifunga katoni kwa kamba.

"Wale tuliowaona leo walikuwa mayai siku tuliyochoma gunia. Walikuwa wamejifunga ndani ya nyufa, dawa haiwafikii humo. Sasa wametoka na wana njaa, na wanamrukia paka. Wakimuuma, wanakufa, kwa sababu ana dawa mwilini. Huyu ndiye josho letu. Ukimpeleka Kamere, watakuuma wewe na wateja wako, na hawatakufa."

Yalikuwa maneno ya maana, na hilo ndilo lililonichoma. Nikasema kile nilichokuwa nimekitunza miaka yote.

"Wewe na josho lako. Mama alikuwa mochari na bado ulienda kuogesha ng'ombe wa watu."

Ogola, ambaye alikuwa amefika mlangoni, alikumbuka kazi yake na kuondoka. Baba aliketi kwenye kiti cha wateja, soksi zake nyeupe zimemshuka hadi kwenye vifundo. Nilitamani niyameze yale maneno, lakini yalikuwa yamekwisha kutoka.

"Mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili," akasema mwishowe. "Kupe wote waliokuwa kwenye nyasi walikuwa wanapanda. Ningeruka hiyo wiki moja, tungezika ng'ombe mwezi mzima, na ng'ombe wa pale ndio walikuwa karo ya watoto. Hata yako ilitoka kwa yule mweusi wa mama yako. Yeye mwenyewe, siku ya mwisho nilipomwona hospitali, hakuniuliza habari nyingine. Aliniuliza kama ng'ombe wameogeshwa." Akazipandisha soksi. "Nililia, Mami. Nililia huko josho, ng'ombe hawana maneno."

Nilifungua katoni. Meneja akatoka, akajinyoosha, akaenda kulala juu ya mguu wa Baba. Mimi nilienda jikoni kuchemsha maji, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kuomba msamaha, na kwa sababu bado ilikuwa Alhamisi.

Alhamisi ya nne tulipata sita. Ya tano tukampata mmoja, na Baba alimpiga kwa kucha kwa heshima zote. Katikati ya hizo siku nilishona hadi mabega yakakataa kunyooka. Majoho yote thelathini na mawili yalikamilika Jumatano, yamepigwa pasi, yananing'inia kama nguo za harusi.

Alhamisi ya sita Baba alikuwa na miadi ya goti kliniki. Aliondoka asubuhi na mapema na hakunikumbusha kitu. Nilisimama pale chumba cha mbele. Kulikuwa na kiroboto mmoja tu wiki iliyopita, majoho yalikuwa tayari, na Mama Travis alikuwa amesema atayachukua saa nane mchana. Ningeweza kuketi ninywe chai kama binadamu. Nikaenda kwenye kamba, nikachukua soksi zake nyeupe, nikazivaa.

Nilikuwa nimetembea vyumba viwili, maji yanachemka, mashuka yote yako nje na Meneja nusu ameshachanwa, mlango ukagongwa. Mama Travis, akiwa na wanakwaya wenzake wanne na tuktuk inawasubiri barabarani.

"Sue, tumeamua tuyachukue mapema, tufanye mazoezi nayo." Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasimama kwenye soksi. "Kwani uko na mechi?"

Wiki tano kabla ningeficha karai, ningemfungia paka chooni, ningesema uongo wowote ulio karibu.

"Nyumba yangu ilikuwa na viroboto, Mama Travis," nikasema. "Hata wewe walikuuma, nikaona. Baba yangu amewamaliza, lakini kazi yake huwa haikatwi katikati. Majoho mtapata saa nane, vile tulikubaliana. Leo ni Alhamisi."

Nilisikia ni sauti ya nani iliyotoka kinywani mwangu. Wanakwaya wakatazamana. Mama Travis akanisogelea, akashusha sauti.

"Huyo mzee wako anaweza kuja kwangu? Na mimi niko na paka."

"Anaweza," nikasema. "Lakini hatafanya chumba kimoja."

Baba alirudi saa sita, amechoka, anaegemea fimbo. Alinikuta nimeketi kwenye kiti cha wateja, miguu nimeinyoosha mbele juu ya stuli. Aliinama na goti lake bovu, akaukagua mguu wa kushoto, akaugeuza, akaukagua wa kulia, mbele na nyuma, vile alivyokuwa akikagua masikio ya ng'ombe wa watu.

"Safi," akasema. Kisha akajishika mgongo na kunyooka. "Wiki ijayo tena."

"Najua, Baba," nikamjibu. "Soksi zako nitakuwa nimezifua."